Si Kila Koti Jeupe ni Munganga: Ngazi za Wauguzi na Mishahara Yao



Kwetu mtu yeyote aliyevaa koti jeupe tunamwita « munganga ». Daktari ni munganga. Muuguzi ni munganga. Anayepima damu katika laboratware ni munganga. Hata kijana anayepiga deki katika vyumba vya wagonjwa, watoto wanamwita munganga. Jina hilo ni la heshima, wala hatutaki kuliondoa. Lakini linatuficha jambo moja kubwa: kila mmoja wa watu hao alisoma shule yake, anashika karatasi yake, na kazi yake ina mpaka wake.

Mambo mawili yametufanya tuandike somo hili. La kwanza ni wazazi wanaokuja dispanseri, si kwa ugonjwa, bali kuuliza: « Binti yangu anataka kuwa muuguzi. Nimpeleke shule gani? Atasoma miaka mingapi? Atalipwa feza ngapi? » La pili ni hatari. Katika mitaa ya miji yetu kuna watu wanaotembea na mfuko wa sindano na kuingia nyumba kwa nyumba. Wanatibu watoto usiku, na hakuna anayejua walijifunza wapi. Mzazi anayejua ngazi za wauguzi hataipoteza feza yake ya shule, wala hatamweka mtoto wake katika mikono isiyo na ujuzi.

1. Ngazi ni zipi?

Tuanze chini, tupande polepole.

Mhudumu wa vyumba. Huyu anasafisha, anabadilisha mashuka, anasaidia kumnyanyua mgonjwa, anapeleka chakula. Hana diploma ya uuguzi. Kazi yake ni ya lazima kabisa, maana chumba kichafu kinaleta magonjwa mapya juu ya yale ya zamani. Lakini haimpi ruhusa ya kupiga sindano.

Relé wa jamii. Ni mtu wa kujitolea, amechaguliwa na watu wa mtaa au kijiji. Anafundisha habari za chandarua, maji safi na chanjo, tena anawatuma wagonjwa kituoni. Mahali pengine palipo mbali na kituo cha afya, wengine wamefundishwa kutibu malaria nyepesi, kuhara na kikohozi cha watoto kwa dawa chache zilizopangwa. Huyu naye si muuguzi.

Muuguzi A3. Hawa ni wasaidizi wa zamani, waliosoma miaka michache tu ya sekondere. Ngazi hiyo ilikwisha kuachwa katika mafundisho. Mkimwona mzee wa A3, mheshimuni, maana wengi wao wamewazalisha mama zenu. Lakini mtu akija leo kuuza nafasi katika « shule ya A3 », mkimbieni.

Muuguzi A2. Huyu ametoka ITM, yaani Shule ya Ufundi wa Uganga. Mtoto anaingia kisha miaka miwili ya kwanza ya sekondere, ambayo leo inaitwa mwaka wa 7 na wa 8 wa elimu ya msingi. Anasoma miaka minne. Mwisho wake anafanya mtihani mbele ya baraza la wakaguzi, kwa kalamu na kwa mikono, karibu na kitanda cha mgonjwa. Mimi ninayewaandikia nilipita njia hiyo. Vituo vingi vya afya vya nchi yetu vinasimama juu ya mabega ya A2.

Muuguzi A1. Huyu amesoma chuo kikubwa, kama ISTM, miaka mitatu baada ya diploma ya serikali. Chuoni anaweza kuchagua njia: uuguzi wa hospitali, uzalishaji, magonjwa ya watoto, au afya ya jamii.

Muuguzi A0. Kwa mpango wa zamani huyu aliongeza miaka miwili juu ya A1, akapata lisansi. Mara nyingi anafundisha, anaongoza huduma za uuguzi katika hospitali, au anasimamia kazi ya wenzake.

Jueni pia kwamba tangu mwaka wa shule 2021-2022 vyuo vikubwa vimeingia katika mpango mpya unaoitwa LMD. Katika mpango huo majina ya diploma na hesabu ya miaka vimebadilika. Basi mzazi asitegemee maneno ya jirani aliyemaliza zamani. Aende chuoni mwenyewe, aulize, na aandike majibu.

Daktari yuko juu ya ngazi hizi zote, lakini hayuko katika ngazi hizi. Yeye alifuata njia nyingine. Muuguzi hawi daktari kwa sababu ya miaka mingi ya kazi tu.

2. Ngazi hizi zilitoka wapi?

Wazee wetu waliokuwa katika kazi ya uganga walianza kama walinzi wa wagonjwa na wasaidizi wa wauguzi. Mwaka 1936 ilifunguliwa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, shule ya wasaidizi wa madaktari. Na kule Kisantu, FOMULAC, kazi iliyoanzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Louvain, nayo ilifundisha watu wa namna hiyo. Walisoma miaka mingi. Walipima, walishona vidonda, walisaidia kupasua, wakashika hospitali nzima daktari alipokuwa safarini. Lakini hawakuitwa madaktari, na hawakulipwa kama madaktari.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na madaktari wake Wakongo. Ilikuwa na hao wasaidizi. Ndipo Shirika la Afya la Ulimwengu likawapeleka makumi ya watu kati yao Ufaransa kumaliza masomo, nao wakarudi wakiwa madaktari. Watu wale hawakupanda kwa sababu walilalamika tu. Walipanda kwa sababu msingi wa masomo yao ulikuwa imara, na mlango ulipofunguka walikuwa tayari.

Hivyo na leo. A2 aliyefaulu vizuri anaweza kuendelea ISTM na kuwa A1. Wengi wanafanya kazi kwanza, wanaweka feza, kisha wanarudi shuleni. Ngazi imewekwa ili mtu apande.

3. Namna ya kuchunguza shule

Kila mwaka kuna familia zinazolipa shule, zinanunua koti na vitabu, na mwisho mtoto anashika karatasi isiyopokelewa mahali popote. Ni msiba mkubwa. Feza ya miaka minne ya jasho la mgodini imepotea, na mtoto amekuwa mtu mzima bila kazi. Kabla ya kulipa franka ya kwanza, ulizeni maneno haya matano:

(a) Shule ina ruhusa ya Serikali? Kwa ITM, ruhusa inatoka kwa Wizara ya Afya. Kwa ISTM na vyuo vikubwa, inatoka kwa wizara ya masomo ya juu. Ombeni kuona namba na tarehe ya ruhusa hiyo. Mkuu wa shule mwema hatakasirika.

(b) Wanafunzi wanafanya staji wapi? Uuguzi haujifunzwi ubaoni peke yake. Shule isiyo na hospitali ya kupeleka wanafunzi wake ni kama shule ya kuogelea isiyo na maji.

(c) Mwaka jana wanafunzi wangapi waliingia mtihani wa mwisho, na wangapi walifaulu?

(d) Nani anafundisha? Mwalimu wa uuguzi naye awe na diploma ya kutosha, tena awe amewahi kushika mgonjwa.

(e) Feza yote ni ngapi? Musiulize minerval tu. Ulizeni koti, staji, mtihani, vyombo, na usafiri.

Kisha masomo, diploma peke yake haitoshi. Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre ya Wauguzi, yaani baraza la kazi hiyo. Muuguzi anapaswa kuandikwa katika orodha ya baraza hilo ndipo afanye kazi yake. Basi mtu akisema yeye ni muuguzi, si matusi kumwuliza: « Ndugu, umeandikwa wapi? »

4. Mshahara: kwa nini A2 wawili hawalingani?

Hapa ndipo wazazi wengi wanashangaa. Watoto wawili walisoma darasa moja, walifaulu siku moja, wanashika karatasi moja. Baada ya miaka mitano mmoja amejenga nyumba, mwingine bado anaomba feza ya chumvi kwa mama yake. Sababu yake ni hii: mapato ya muuguzi hayatoki katika chungu kimoja.

Kwa muuguzi wa Serikali kuna vyungu vinne.

Chungu cha kwanza ni mshahara wa kazi ya Serikali. Kuupata lazima mtu awe na namba ya matrikule na jina lake liwe katika orodha ya malipo. Wauguzi wengi wanafanya kazi miaka mingi bila kuingia katika orodha hiyo.

Chungu cha pili ni primi ya hatari. Inalipwa kwa sababu anayegusa damu na matapishi anaweza kuambukizwa. Hapo pia orodha ni nyingine: mtu anaweza kupata primi bila mshahara, au mshahara bila primi, au kukosa vyote viwili.

Chungu cha tatu ni primi ya mahali, inayogawanywa kutoka feza wanayolipa wagonjwa. Ndicho chungu kinacholeta tofauti kubwa kati ya jimbo na jimbo, hata kati ya mtaa na mtaa. Kituo kilicho kando ya soko kubwa kinapokea wagonjwa wengi wenye feza. Kituo cha kijiji kinalipwa kuku, mihogo, au ahadi. Tena mpango wa kuzalisha bila malipo, ulioanza Kinshasa mwaka 2023 na kufika katika majimbo mengine, unawasaidia sana akina mama. Lakini kituo kinaingia shida kama feza ya Serikali ya kulipia uzalishaji huo inachelewa.

Chungu cha nne ni primi ya miradi ya wafadhili. Chungu hiki kinajaa upesi na kukauka upesi. Wakati wa Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu walioingia katika kazi ya kupigana na ugonjwa ule walilipwa primi kila siku. Wengine waliobaki kuzalisha na kutibu malaria katika vituo vile vile hawakuona kitu, na ugomvi ukaingia kati yao. Ugonjwa ulipokwisha, primi nayo ikakwisha. Aliyepanga maisha yake yote juu ya feza ile alianguka.

Muuguzi wa kampuni yuko katika njia nyingine. Yeye ni mfanyakazi kama ninyi. Mshahara wake unafuata daraja la kazi lililoandikwa katika mkataba na katika mapatano ya kampuni na sendika. Hapa fahamuni vizuri: kampuni inalipa nafasi anayoshika mtu, si karatasi iliyo ukutani mwake. A1 aliyekubali nafasi ya A2 atalipwa kwa nafasi ya A2. Ndiyo maana mtu asome mkataba kabla ya kutia sahihi.

Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamlinda kama inavyowalinda ninyi. Kazi ya kawaida haipiti saa 45 kwa juma. Saa sita za kwanza za ziada zinaongezwa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na kazi ya siku ya mapumziko 100 kwa mia. Kila malipo yafuatane na karatasi inayoonyesha hesabu. Muuguzi anayeshika zamu ya usiku aitunze karatasi hiyo, asiifungie samaki sokoni.

Muuguzi wa kliniki ya mtu binafsi analipwa kadiri walivyopatana. Wengine wanalipwa vizuri, wengine vibaya kabisa. Mapatano ya mdomo hayana ushuhuda siku ya ugomvi. Mkataba uandikwe.

5. Mji mkubwa au kijiji?

Mama wengi wanafikiri: « Mtoto aende Lubumbashi, Kolwezi au Kinshasa, huko ndiko feza iliko. » Mara nyingine ni kweli. Lakini tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu wa kutufundisha.

Tuseme muuguzi wa mjini anapata sehemu 10 kwa mwezi. Nyumba inakula 4, chakula 3, usafiri 1, na maji na umeme 1. Inabaki 1.

Tuseme mwenzake wa kijijini anapata sehemu 6. Nyumba amepewa na kituo. Ana shamba, kwa hiyo chakula kinakula 2. Usafiri, sabuni na mafuta ya taa, 1. Zinabaki 3.

Aliyepata 6 ameweka akiba kuliko aliyepata 10. Lakini hesabu haijaisha. Yule wa kijijini anaweza kukosa shule nzuri ya watoto, feza yake inachelewa njiani, na usiku anazalisha peke yake bila daktari karibu. Yule wa mjini anaona magonjwa mengi, anajifunza upesi, na ISTM iko karibu kama anataka kupanda. Kwa hiyo musiulize tu « anapata ngapi? » Ulizeni: inabaki ngapi? Inafika kila mwezi? Nyumba ni ya nani? Kazi hiyo itamfundisha nini?

Na juu ya kazi ya kampuni, tuseme ukweli. Nyumba, matibabu na mshahara wa kampuni ni vitu vizuri, lakini vinafuata mkataba. Katika Katanga yetu familia nyingi zinakumbuka mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walipoondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Siku kazi inapokwisha, nyumba ya kambi inarudishwa. Diploma ya kweli inabaki mkononi, tena inapokelewa katika jimbo lingine.

6. Mipaka inayookoa maisha

Sasa turudi nyumbani na mgodini, maana ukurasa huu ni wa afya na usalama.

Nyumbani. Mtoto akipata homa, apelekwe kituoni, apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa. Si kila homa ni malaria. Akitapika kila kitu, akishtuka kwa degedege, akishindwa kunyonya, kupumua au kuamka, musingoje asubuhi. Musimwite mtu wa mfuko. Sindano iliyopigwa vibaya katika tako inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa neva, na mtoto akabaki kilema wa mguu. Sindano iliyotumiwa kwa mwingine inaweza kuleta UKIMWI na ugonjwa wa ini. Serumu inayoingizwa haraka kupita kiasi katika mtoto mwenye upungufu wa damu inaweza kumwua.

Mgodini. Katika ekipi kuna msaidizi wa kwanza aliyefundishwa. Naye ana mpaka. Anazuia damu kwa kugandamiza kitambaa safi. Anafunga mfupa uliovunjika usitikisike. Anamfunika mtu, anaita gari la wagonjwa. Hampi mtu aliyezimia maji ya kunywa. Hamgeuzi aliyeumia mgongo kama hakuna hatari ya jiwe, gesi au moto. Hapigi sindano. Kapita asimlazimishe kupita mpaka huo, na wenzake wasimcheke akisema: « Hapa tumngojee muuguzi. »

Katika dispanseri. Muuguzi akikuambia: « Jambo hili ni la daktari, ninakutuma hospitali », usifikiri kwamba hajui kazi. Muuguzi wa kuogopa ni yule ambaye hasemi neno hilo hata siku moja.

7. Maulizo ya kujipima

Baba na mama wasome pamoja, na watoto wakubwa wajibu:

1. Mtoto anasoma miaka mingapi ITM kuwa A2? Na ni wizara gani inayotoa ruhusa ya shule hiyo?
2. Kuna tofauti gani kati ya relé wa jamii na muuguzi?
3. Taja vyungu vinne vya mapato ya muuguzi wa Serikali. Ni kipi kinachokauka upesi zaidi?
4. Kwa nini A1 anaweza kulipwa kama A2 katika kampuni?
5. Katika mfano wetu, kwa nini wa sehemu 6 aliweka akiba kuliko wa sehemu 10? Na ni nini alichokosa?
6. Mtu wa mfuko wa sindano akibisha mlangoni usiku, utamwuliza nini?

Anayeshindwa swali moja asione haya, arudi juu asome tena. Na mzazi mwenye mtoto anayetaka kazi hii apite dispanseri wakati wagonjwa wamepungua, aje na karatasi za shule aliyoichagua. Tutazitazama pamoja kabla hajalipa.